Mshenga wa Ukuta

Ameir Shaame hakuwa na cheti cha chuo chochote cha sanaa. Hakuwa na tovuti, wala hakujua ni nani humtengenezea mtu tovuti. Kiingereza cha kugombana hakuwa nacho, ingawa alikuwa nacho cha kununulia saruji. Hakuwa na picha za kazi zake, kwa sababu kazi zake zilikuwa ndani ya nyumba za watu, na mtu hapigi hodi Sandton kwa matajiri akaomba kupiga picha dari ya sebule. Hakuwa na wadhamini wawili wanaojulikana. Hakuwa na nywele za msanii. Alikuwa na upara, na kofia ya viua juu ya upara. Tena hakuwa na ulimi wa kujisifu, na katika mji huu, asiye na ulimi huo ni kama mtu aliyekwenda sokoni bila kikapu.

Alichokuwa nacho ni mikono. Babu yake kule Makunduchi, Unguja, alikuwa fundi wa misikiti na makaburi ya kale, na kwake Ameir alijifunza kuzamisha sahani na mabakuli ya kaure katika chokaa mbichi mpaka ukuta na chombo vikawa kitu kimoja. Sahani hulowekwa kwanza ili isinywe maji ya chokaa. Haigongwi. Husukumwa kwa viganja, taratibu, na fundi huzuia pumzi mpaka iketi. Johannesburg hakuna aliyewahi kumwomba kazi hiyo. Kwa miaka zaidi ya ishirini alipiga plasta ya kawaida, akirudi jioni Berea kwenye fleti yake ya ghorofa ya tatu na vumbi jeupe kwenye nyusi.

Lakini alikuwa ameuona ukuta. Ulikuwa mjini, chini kidogo ya kituo cha teksi, ukuta mrefu wa zege ulioshikilia udongo wa barabara ya juu. Watu walipanga foleni mbele yake asubuhi na jioni, na walioshindwa kuvumilia foleni waliukojolea. Ameir alipita hapo kila siku ameziba pua, na siku moja likamjia wazo. Kila kabila la watu wanaosimama pale lilete sahani iliyoliwa nyumbani kwao. Mzulu alete yake, Mmalawi yake, Mkongo yake, Msomali yake, hata ya bati, hata yenye ufa. Yeye atazizamisha zote katika ukuta ule, kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Kisha?" mkewe Mwatumu alimuuliza.

"Kisha hawataukojolea. Mtu hakojolei sahani."

Ofisi moja ya jiji iliyoshughulika na sanaa za barabarani ilikuwa ikitangaza nafasi, na msanii yeyote aliweza kupeleka pendekezo. Binti yao Zuhura, aliyeolewa Durban, ndiye aliyemwandikia baba yake kwa Kiingereza na kutuma kwa kompyuta. Jibu la kwanza lilisema wanasikitika. La pili lilisikitika zaidi. La tatu, mwaka 2016, lilitoa sababu: pendekezo halikuwa na sauti ya msanii.

"Sauti gani?" Ameir alishangaa kwenye simu. "Ukuta unasema nini? Niwaimbie?"

"Baba, wanataka kujua wewe ni nani," alisema Zuhura.

"Mimi ni mpiga plasta. Si nimeandika?"

Kila alipokataliwa, Ameir alikuwa na dawa yake. Hakunywa, hakulia, hakumtukana mtu. Alichanganya plasta na kuupaka upya ukuta wa jikoni kwake, tabaka juu ya tabaka, mpaka ukawa laini kama ganda la yai. Kisha alinawa, akala, akalala. Watu wengine hutembea, wengine husali rakaa za ziada, yeye alipaka.

"Baba Zuhura," Mwatumu alimwambia baada ya jibu la tatu, akiwa amebana kiwiko ili asigonge sufuria ya mafuta ya bajia, "jiko linazidi kuwa dogo. Wakikukataa mara mbili tena nitapikia kwenye ngazi."

"Nikipaka napumua."

"Umekataliwa na ukuta, bwana, hukukataliwa na mke. Pumua tu."

Mwaka uliofuata alituma tena, na safari hii Zuhura alipiga simu akipiga kelele: wamemwita mahojiano. Ameir aliketi kitako juu ya ndoo ya plasta. Alikuwa amezoea kukataliwa kama mtu anavyozoea baridi ya mwezi wa Juni, kuitwa hakukujua. Kisha akatoa neno ambalo lilionekana kumtoka mbali.

"Mwatumu, nimelijua kosa langu. Nimekuwa nikijiposea."

Msomaji wa pwani ameshaelewa. Kwao Ameir, mwanamume haendi mwenyewe mlangoni kwa watu akasema, "Mimi ni mzuri, nipeni binti yenu." Anayefanya hivyo hupewa maji ya kunywa akaonyeshwa njia. Hutumwa mshenga, mtu mzima mwenye maneno, na mposaji hukaa nyuma, macho chini, au hubaki kwao kabisa. Ameir aliona wazi kwamba katika makaratasi yote aliyopeleka alikuwa ameandika "mimi" na "mimi" bila haya, na ndiyo maana watu wenye heshima zao walimkataa. Mwatumu naye aliona hivyo hivyo. Alishangaa tu kwamba hawakuliona mapema.

Chini ya jengo lao palikuwa na duka la fundi cherehani, Théodore, Mkongo wa asili ya Kasai aliyezaliwa Likasi. Alivaa kama bwana harusi siku za kawaida, na siku za harusi alivaa kama watu wawili. Katika Berea na Yeoville hapakuwa na mahari ya Wakongo iliyojadiliwa bila Théodore kusimama na kusemea upande mmoja. Kiingereza chake kilikuwa kimenyooka, kwa sababu alikisoma jioni kwa miaka mitatu kanisani.

"Mon cher Ameir," alisema Théodore, pini mdomoni, Ameir alipomwambia anataka kuposa, "kuposa nini tena? Uko na bibi tayari. Mama Mwatumu akisikia, atanimwangia mafuta ya bajia toka kule juu."

"Naposa ukuta, Théo."

Théodore alizitoa pini. "Ukuta?"

"Ukuta wa jiji. Wameniita kwenda kusema, na mimi siwezi kujisemea. Nataka uwe mshenga wangu."

"Na familia ya ukuta inaomba nini? Bia? Mbuzi?"

"Wanasema wanataka sauti."

Théodore alicheka mpaka akashika meza. "Sauti! Basi wamefika kwa mwenye duka!"

Siku ya mahojiano Théodore alivaa suti ya rangi ya zambarau, shati la njano, kofia ya ukingo mpana na viatu vyeupe. Ameir alivaa suruali safi na koti la kijivu, kwa kuwa mposaji hapaswi kung'aa kuliko mshenga, na alibeba mwenyewe kifuani kipande cha plasta kilichozamishwa bakuli la bluu, kizito kama mtoto wa miaka miwili. Hakukubali mtu mwingine akibebe. Walipoingia chumbani, Théodore alitangulia. Ameir akaweka mzigo mezani, akapiga hatua nyuma, akaketi kwenye kiti cha ukutani na kutazama sakafu.

Mwenyekiti wa kamati, mama mmoja aitwaye Mmabatho, aliwakaribisha kwa uchangamfu. Théodore alisimama. Alianza kwa kuwashukuru wazazi wa ukuta. Kisha akaingia katika maneno yenyewe, mikono ikipanda na kushuka, na Ameir, aliyeelewa neno moja kati ya manne, alisikia "treni", akasikia "mama", akasikia "sahani", akafurahi. Mshenga mzuri huzungumza habari za ukoo. Alipoinua macho kidogo alimwona mjumbe mmoja anafuta machozi kwa karatasi. Mama Mmabatho mwenyewe alikuwa ameacha kuandika.

Mwishoni mama huyo alimwonyesha Ameir kwa kalamu na kuuliza kitu. Théodore aliweka mkono kifuani, akajibu kwa unyenyekevu mkubwa.

"Amesema nini?" Ameir aliuliza wakiwa kwenye ngazi.

"Ameuliza wewe ni nani. Nimemwambia: huyu njo mikono."

"Umenitukuza, Théo."

"Kabisa."

Kabla ya kutoka walipigwa picha ya kumbukumbu. Mpiga picha alimwomba Théodore asimame nyuma ya kile kipande cha plasta na aweke kidole kwenye bakuli. Kisha akamwashiria Ameir kwa adabu asogee kidogo pembeni. Ameir alisogea kwa furaha. Siku ya posa, nani humtazama mposaji?

Wiki chache baadaye Zuhura alipiga simu akilia. Wamekubali. Pendekezo la Ameir Shaame limekubaliwa na ukuta ni wake. Wataitwa kutia saini. Mwatumu alipiga vigelegele vilivyofungua milango ya ukumbi mzima. Mnaijeria wa jirani alitoka na povu la sabuni masikioni kuuliza ni msiba au ni arusi. Théodore alipanda ngazi mbio akacheza ndombolo mlangoni, kofia mkononi, akisema, "Nimewaambia! Mi sijashindwa mahari hata moja!" Ameir alitabasamu tu, machozi yakimlenga. Siku hiyo hakupaka ukuta wowote.

Kesho yake alikwenda mjini kuutazama ukuta kama mtu anavyokwenda kumwona mchumba kwa mbali. Foleni ilikuwa ndefu, harufu ilikuwa ile ile. Lakini kwenye uzio wa juu palitundikwa bango jipya la plastiki, kubwa kama shuka la kitanda, na kwenye bango alikuwepo Théodore.

Ameir alisimama katikati ya njia. Mwanamke mwenye kikapu cha machungwa alimgonga, akamlaani, akapita. Théodore alikuwa anacheka kwenye bango, kofia imeinamia jicho moja, kidole kwenye bakuli la bluu. Chini yake, kwa herufi ambazo hata asiyejua kusoma angeziona, paliandikwa AMEIR SHAAME.

Alilisoma jina lake kwa sauti ndogo. Akamtazama tena mtu wa juu. Akasoma tena. Ilikuwa kama wakati mtu anapoamka usiku na kuukuta mkono wake mwenyewe kitandani akadhani ni wa mtu mwingine.

Msimamizi wa foleni, kijana mwenye filimbi shingoni, alikuwa karibu. Ameir alimuuliza, kwa Kizulu chake cha kazini, yule kwenye bango ni nani.

"Ni msanii, mkhulu," alijibu kijana, akimwita babu kwa Kizulu. "Jina lake liko pale, Ameir Shaame. Atatupambia ukuta. Wanasema mama yake alingoja treni ya wakimbizi na sahani moja, wakalia wote pale ofisini."

"Mama yake nani?"

"Mama yake Shaame."

"Mama yangu hakupata kungoja treni," alisema Ameir. "Unguja hakuna treni."

Kijana alimwangalia.

"Ameir Shaame ni mimi," alisema Ameir.

"Eish, mkhulu!" Kijana alipiga filimbi kwa kucheka, na foleni ikageuka kutazama. "Basi mimi ndiye meya. Simama nyuma ya foleni, mheshimiwa."

Watu wakacheka. Hawakumcheka kwa ubaya. Ni kicheko cha asubuhi cha watu wanaosubiri. Ameir aliondoka pale ameshika kofia yake kwa mkono, kama kuna upepo, na upepo haukuwepo.

Théodore alikuwa akipima bega la mteja. Aliposikia, alidhani ni mzaha. Kisha akaona midomo ya Ameir ilivyokauka. Alimwacha mteja na mkono mmoja wa koti, wakaenda wote wawili mjini, Théodore akiwa na futi ya kupimia shingoni. Alipoliona bango alisimama vile vile, mahali pale pale aliposimama Ameir.

"Juu ya nini?" alisema hatimaye. "Kwa nini bamenitia mimi?"

"Ulisema wewe ni Ameir?"

"Hapana! Naapa!" Théodore alivua kofia. "Nilisema 'mimi'. Kwetu msemaji anachukua mwili ya mwenye kutaka. Anasema, mimi nimeona ua, mimi nimelipenda. Bantu bote banajua si yeye anaoa! Kwenu si vile?"

"Ndivyo."

"Voilà. Na hawa hawajui?"

Walitazamana. Hapo ndipo wote wawili walipofahamu kwamba katika chumba kile chote cha watu waliosoma, hapakuwa hata mmoja aliyejua mshenga ni kitu gani.

"Na ile treni?" aliuliza Ameir.

Théodore aliivuta futi yake shingoni. "Ile ni yangu," alisema. "Walipotufukuza Likasi, sisi watu wa Kasai. Mama alikuwa na sahani moja chini ya kitenge, tulikula kwa zamu, watoto wote, majuma mengi pale stesheni. Sijui juu ya nini niliisema. Nilitafuta neno la sahani, na hilo njo lilikuja."

Wapita njia wawili walimtambua Théodore wakamwita kwa shangwe, "Shaame! Shaame!" Théodore, kwa mazoea ya mtu wa adabu, aliinua kofia. Aliishusha haraka kama iliyomuunguza.

Walikwenda ofisini bila miadi. Mama Mmabatho alitoka mwenyewe hadi mapokezi, mikono yote miwili mbele, akapita ubavuni mwa Ameir na kumshika Théodore.

"Bwana Shaame! Umeliona bango?"

"Madame," alisema Théodore, "Bwana Shaame ni huyu."

Mama huyo alicheka. Aliposubiri nao wacheke, na hawakucheka, alishika mgongo wa kiti. Théodore alimweleza yote, desturi, mshenga, "mimi" ya posa, na alipokuwa akieleza uso wa mama yule ulibadilika kama wa mtu aliyeambiwa kwamba daraja alilokwisha kuvuka halikuwepo. Aliwaingiza chumbani akafunga mlango.

"Mtafsirie polepole ili anielewe," alisema, akimwangalia Ameir kwa mara ya kwanza tangu walipojuana. "Bwana, sitakudanganya. Palikuwa na mapendekezo yenye michoro mizuri kuliko wako. Wajumbe wengine waliona sahani ukutani ni kitu cha kizamani. Ukuta ulipewa ile treni."

Théodore alitafsiri, na sentensi ya mwisho aliisema akitazama dirishani.

Ameir aliinama. Alikuwa amekataliwa mara nyingi kwa barua. Kukataliwa ndani ya kukubaliwa kwake, uso kwa uso, na mtu mwema anayemwonea huruma, hilo halikuwahi kumpata, na hakujua aliweke wapi.

"Mkinyamaza," aliendelea mama Mmabatho kwa sauti ya chini, "hakuna kitakachoharibika. Jina kwenye mkataba ni lako. Mikono ni yako. Sura ya bango ni sura tu, mwezi ujao jua litakuwa limeipausha. Lakini mkitaka kusahihisha, niandikieni kwa karatasi, mtie saini, mtume kwa posta ya rejista. Nikiipokea sina hiari, lazima niipeleke kwenye kamati. Na kamati ikiketi upya, siahidi kitu. Inawezekana ukuta ukaenda kwa mwingine."

Jioni walikaa wote watatu jikoni kwa Ameir, magoti yakigusana. Mwatumu aliwapa chai na kusikiliza mpaka mwisho.

"Mi nasema tunyamaze," alisema Théodore. "Ameir, miaka yote umeutaka huu ukuta. Umeupata. Mi nitavaa kofia ingine, hakuna atanijua."

"Wewe? Hata ukivaa gunia watakujua," alisema Mwatumu.

"Nitakuwa ninazamisha sahani," alisema Ameir, "na watu watasimama nyuma yangu waulize, msanii yuko wapi, leo hakuja? Nami niseme anakuja?"

"Utasema: ametoka kidogo."

"Nimetoka kidogo katika jina langu."

Ameir alipitisha kiganja ukutani bila kujijua, kisha akakirudisha. "Na nikiandika, wakaniondoa? Hii itakuwa si kama zile za nyuma. Zile walikataa karatasi. Hii watakuwa wameniona."

"Ndiyo," alisema Mwatumu. "Watakuwa wamekuona. Ndoa iliyofungwa kwa jina la huyu na sura ya yule haisihi, baba Zuhura, hata mkeshe mkila pilau. Hilo unalijua." Kisha akamgeukia Théodore, kijiko mkononi. "Lakini mie nakuonea wewe imani zaidi kuliko huyu."

"Mimi? Mi niko kwa bango!"

"Uko kwa bango. Na mama yako yuko wapi? Mama aliyekaa stesheni na sahani moja na nyinyi mkala kwa zamu, leo mji mzima unamwita mama yake Shaame. Umekwenda kuposa ukuta, mshenga wewe, umerudi umemwozesha mama yako kwa baba yake Ameir."

Ameir alitaka kucheka na hakuweza. Théodore alibaki na kikombe nusu njia. Mdomo wake ulikuwa umeachama kama wa mtoto aliyeanguka na bado hajajua kama ameumia. Alikiweka kikombe chini, na chai ikamwagika kidogo kwenye suruali yake ya thamani, na hakuitazama.

"Anaitwa Agnès," alisema. "Agnès Mbuyi. Alikufa pale pale stesheni. Hata kaburi hatukuandika jina." Akavuta pumzi. "Andika, Ameir. Andika, nitatia kwa Kiingereza."

Ameir alikataa kumpigia Zuhura. Alikaa mezani akaandika mwenyewe kwa Kiswahili, kwa mwandiko wake wa kubana, na safari hii hakuogopa neno "mimi".

Aliandika kwamba yeye ndiye Ameir Shaame, yule aliyebeba kile kipande na kukaa nyuma. Kwamba aliyesimama na kusema ni rafiki yake Théodore, ambaye hakudanganya. Kwamba rafiki huyo alisema kama watu wanavyosemeana kwao. Kwamba sahani ya kwenye kisa cha treni ilikuwa ya marehemu Agnès Mbuyi wa Likasi, mama mzazi wa Théodore, na si ya mtu mwingine, na popote itakapotajwa itajwe kwa jina lake. Kwamba mama yake mwenyewe Ameir alikufa kitandani kwake Makunduchi, ameshiba, na hana kisa cha kuliza watu. "Ninachojua ni kuzamisha sahani," aliandika. "Kama ukuta mliupa treni, basi mwulizeni mwenye treni anataka ufanywe nini, nami nitashukuru. Kama mnahitaji mtu wa kuufanya, mimi nipo, na safari hii nitakuja peke yangu na nitasimama mbele. Mkinikataa, mtakuwa mmenikataa mimi, na hilo nitalipokea."

Théodore alitafsiri chini yake, mstari kwa mstari. Alipofika kwenye jina la mama yake aliandika polepole sana, herufi kubwa, akalikagua kama anavyokagua mshono. Alipofika kwenye maneno ya mwisho alisita.

"Hapa una uhakika? 'Nitalipokea'?"

"Sina. Andika."

Wakatia saini wote wawili, Ameir juu, Théodore chini. Mwatumu alitaka kusomewa yote tangu mwanzo, akasomewa, akasema hakuna la kuongeza wala la kupunguza, ila wangeandika tarehe. Wakaandika tarehe.

Asubuhi walishuka pamoja hadi posta. Palikuwa na foleni, nao wakaipanga. Watu wawili walinong'onezana wakimwonyesha Théodore kwa kidole, naye akatazama mbele. Ameir alikuwa ameshika bahasha wazi, na walipokaribia dirisha aliitoa barua nusu, akaisoma mistari michache bila sauti, akairudisha ndani.

"Bado unaweza kuichana," alisema Théodore.

"Najua."

Aliulamba ukingo wenye gundi wa bahasha kutoka pembe hadi pembe, akaukunja, akaubana juu ya kaunta kwa viganja vyote viwili huku amezuia pumzi. Karani alimwambia inatosha, baba, imeshika. Akaigonga muhuri, akabandika kijikaratasi cha rejista, na kuitupa nyuma yake ndani ya gunia bila kuitazama.